Mbio Zangu na Mitungi ya Kaloleni

Kaloleni, nyuma ya Ukumbi,
Nairobi.
Jumapili, 9 Machi 1997

Mpendwa dada Ayuma,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba ya Baba. Sisi huku tu wazima, na ninamshukuru Mungu kwa hilo sasa hivi, kabla sijaanza kulalamika. Wewe hujambo? Shemeji Luseno hajambo? Ile homa ya Mitchelle imekwisha kabisa au bado inamrudia? Uliandika kwamba jua la Gaborone linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Hapa jua ni hilo hilo, ila wewe una maji ya kuzifulia.

Miguu ya Mama ni ile ile. Goti la kulia limevimba kidogo tangu Krismasi, la kushoto linajitahidi. Anatembea kwa mkongojo hadi mlangoni, anakaa kwenye kiti chake cha kamba na kumkagua kila apitaye uwanjani. Anakula vizuri na analala vizuri. Maneno yake yamezidi ya mwaka jana, jambo ambalo daktari anasema ni dalili njema. Daktari haishi naye.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimeketi, na hasira haikupungua. Unaniambia niache kukimbia asubuhi ili Mama apate amani na majirani. Unasema umesikia kwa ndugu yetu Laban kwamba niliwadanganya watu wa mtaa kuhusu maji. Dada, Laban yuko Kakamega. Aliyemwambia alisikia kwa mtu aliyeketi naye ndani ya basi. Kazi yangu ni kuandika habari za mahakamani, na kama ningempelekea mhariri wangu habari ya namna hiyo angenirudishia karatasi kabla hajaimaliza. Kwa hiyo soma na ya kwangu.

Nianze na kukimbia kwenyewe, maana hata wewe unaandika kana kwamba ni ugonjwa. Mchana kutwa nimekaa kwenye benchi la mahakama pale Makadara, benchi la mbao lisilo na mahali pa kuegemea. Jioni nimeinama ofisini. Mwaka juzi mgongo ulikataa. Nilianza kukimbia alfajiri, na mgongo ukanyamaza. Natoka nyumbani, nashika Jogoo Road hadi Makadara, nazunguka, narudi kwa upande wa reli. Hakuna la ziada. Hakuna medali ninayoitafuta wala mume ninayemkimbia.

Watu hawaamini. Makanga wananiita, "Madam, panda basi, hatutakulipisha!" Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza Mama kama nyumbani hakuna sketi. Na kule Shauri Moyo mwanamke nisiyemjua alinishika mkono, macho yamemtoka, akaniuliza ni nani amefariki. Huyo sikumlaumu. Kwetu mtu mzima akikimbia alfajiri amebeba habari ya msiba. Nilimwambia hakuna aliyekufa, akaonekana kama nimempotezea wakati.

Ofisini nako tumebadilishiwa mambo. Taipureta zimebebwa zote na tumewekewa kompyuta, lakini chache, kwa hiyo waandishi wazima tunapiga foleni kama watoto wa shule wanaongoja uji. Benta, yule ninayekaa naye meza moja, juzi alibonyeza kidude kimoja na habari yake yote ya siku ikatoweka. Alikaa akikitazama kioo kama mtu aliyeona jeneza likifunguka. Ninakutajia Benta kwa sababu ndiye anayechapa ratiba ya mgao wa maji ambayo gazeti letu linatoa kila Jumamosi. Anaichapa kama ilivyoletwa, haongezi wala hapunguzi. Likumbuke hilo.

Maji yalianza kukatika kabla ya Krismasi. Kufikia mwaka mpya mfereji, lile bomba la uwanja wetu, ulikuwa unatoa pumzi tu. Ratiba ikisema Kaloleni ni Jumanne, watu wanaamka Jumanne na mitungi yao, na maji yanatokea Alhamisi mahali pengine. Hakuna anayejua sababu. Mimi ninayefanya kazi gazetini sijui sababu.

Sasa soma jinsi jambo lilivyoanza. Asubuhi moja ya Januari nilipokuwa nikizunguka pale Makadara, niliona maji yakitiririka barabarani. Yalitoka kwenye mfereji ulio nyuma ya karakana ya magari, mfereji ambao sikuwahi kumwona mtu akiutumia. Nilipofika nyumbani nikamwambia Mama Ndete.

Mama Ndete unamkumbuka, yule Mkamba wa nyumba ya pili, mwenye kicheko kinachosikika hadi Ukumbini. Siku hizi anauza chai na githeri karibu na mahakama. Ndiye pia anayemtoa Mama nje kila asubuhi nikishaondoka, na ndiye anayemsuka nywele siku ya Jumapili. Wakati huo alikuwa hajapika kwa sababu hakuwa na tone la maji. Alikwenda na mitungi yake, akarudi imejaa, akapika, akauza. Watu walipomwuliza ameyatoa wapi, hakuwatajia karakana. Aliwaambia, "Muulizeni Kageha. Yeye yuko kwenye gazeti. Ile ratiba ya kweli wanabaki nayo wenyewe."

Basi. Hapo ndipo nilipokwisha.

Kesho yake nilifungua mlango nikiwa na raba zangu mkononi, nikakuta watu wamekaa kwenye kizingiti, kila mmoja na mtungi wake. Nikawauliza wanangoja nini.

"Tunakungoja wewe," akasema Mama Ndete.

"Mama Ndete, mimi nakimbia kwa ajili ya mwili."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mwili gani? Na wewe ulivyo kama ufito?"

Nilieleza. Nina hakika nilieleza vizuri, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nilisema ratiba ninayoijua ni ile ile wanayoisoma. Nilisema yale ya Makadara niliyaona kwa bahati. Walinisikiliza kwa heshima, wakaitikia kwa vichwa, na nilipoanza kukimbia wakainuka wote wakanifuata.

Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Mimi mbele, nyuma yangu kanga, ndara na mitungi inayogongana. Nikipunguza mwendo, wanapunguza. Kijana Muindi, mwenye mkokoteni, akawa ananisubiri pale kona. "Madam, sasa? Leo ni Makadara ama ni mtaa wa Jeri? Niambie mapema nijue kama nitatia gurudumu hewa." Nikimwambia sijui, anacheka na kuwakonyezea wenzake. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Mahakamani nimewaona washtakiwa wakipatwa na jambo hili, lakini sikuwahi kulihisi mwilini.

Siku moja niliamua kugeuza njia, nikapitia Majengo. Kamba ya kiatu ikafunguka. Nikainama kuifunga, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimesimama kando ya mfereji. Nilipoinua kichwa, mtungi wa kwanza ulikuwa tayari umewekwa chini yake na foleni imeanza. Nikawaambia mfereji umekauka. Wakasema, "Tutangoja." Nikaenda zangu. Niliporudi njia ile ile foleni ilikuwa ndefu mara mbili. Wenyeji wa Majengo walikuwa wamejiunga bila kujua ni foleni ya nini, na wawili wao walikuwa wanashikana mashati kuhusu nani alitangulia. Mfereji haukuwa na hata unyevu.

Hapo nikachoka. Nikaona dawa ni kuwachosha wao. Jumamosi moja, mwisho wa Januari, sikuzunguka Makadara. Nilinyoosha moja kwa moja na Jogoo Road hadi Donholm. Nilidhani wataishia njiani na kurudi nyumbani, na habari itakwisha. Sikuzingatia jinsi wanavyofikiri. Kwao, umbali ulikuwa ushahidi. Kama Kageha amekwenda mbali hivi leo, basi yaliyoko huko si maji ya mtungi mmoja. Kwa mara ya kwanza walituma watu kuwaita hata waliokuwa wakibaki nyuma. Uwanja wetu ulihama karibu wote, na milango ikafungwa kwa kufuli.

Na asubuhi hiyo, dada, maji yakaja Kaloleni.

Walikuwapo Mama kwenye kiti chake na Mzee Kimanzi, yule dereva wa lori aliyestaafu anayepakana nasi. Mama alisikia mfereji ukikohoa, akagonga ukuta kwa mkongojo. Mzee Kimanzi akatoka na fulana ya ndani, akaanza kukinga. Alijaza pipa lake. Akajaza pipa letu, mabeseni, sufuria, birika, hadi ile bakuli ya kioo ya Mama ambayo hata askofu hakuandaliwa. Alipotafuta vyombo vya majirani hakupata. Nyumba zimefungwa, na mitungi yote ya uwanja ilikuwa Donholm.

Tuliporudi, mfereji ulikuwa unakoroma. Wao walikuwa na vumbi hadi magotini na mitungi mitupu. Mlango wetu ulikuwa wazi na maji yanang'aa kila mahali hadi kwenye bakuli ya kioo.

Sitakuandikia yote yaliyosemwa. Mama Ndete hakupika siku hiyo, na ndiyo siku aliyokuwa ameahidi kupeleka chakula kwenye harambee ya jirani. Alisimama katikati ya uwanja akapaza sauti. "Umetuzungusha mpaka Donholm ndiyo nyinyi mbaki mkikinga! Ati nakimbia kwa ajili ya mwili! Mwili wako ndio huo umejaa kwenye pipa!" Nilimwambia ayachukue, pipa zima. Alisema afadhali anawe kwa mate.

Hilo ndilo Laban alilolisikia. Aliyemwambia hakukosea jina wala mahali. Alichokiacha ni kwamba mitungi ya majirani haikuwapo.

Sasa nikuandikie lile ambalo Laban hakulisikia. Mama Ndete aliacha kuja asubuhi kumtoa Mama nje. Nikawa namtoa mimi kabla sijaenda kazini, na anakaa hapo hadi nirudi, jua limpate lisimpate. Nywele zikabaki zimefumuka. Wale akina mama wa maombi, ambao tangu magoti yake yaharibike wamekuwa wakikutana kwetu kila Jumatano, wakatuma ujumbe kwamba wamehamia kwingine kwa sababu ya nafasi. Nafasi, dada, na ni wale wale waliokuwa wakienea. Jumatano ya kwanza Mama hakuamini. Alipanga vikombe mezani, akafunika sukari. Niliporudi jioni vilikuwa pale pale, safi, vimefuatana kama watu kanisani.

Kwa hiyo usidhani sikuliona hilo unaloliita amani. Nililiona kabla yako. Niliziacha raba chini ya kitanda kwa wiki nzima. Haikusaidia. Watu wakasema nimeacha kukimbia kwa sababu ratiba ya kweli imebadilika na sasa nafuata maji jioni. Ndipo nilipomwendea Mzee Kweyu, mwenyekiti wa mtaa, nikamwomba aitishe mkutano.

Tulikutana Ukumbini katikati ya Februari, baada ya kwaya kumaliza mazoezi. Mzee Kweyu alifanya kazi ya reli miaka yake yote na bado anaendesha mkutano kama treni: kila mtu anasimama zamu yake na hakuna kurudi nyuma. Aliniita mbele. Nilikuja na gazeti, nikalifungua kwenye ukurasa wa ratiba, nikawaambia hii ndiyo ninayoisoma na sina nyingine. Sauti kutoka nyuma ikasema, "Hiyo ni ya kuuza. Tuletee ile ya kusoma."

Mzee Kimanzi akainuka bila kuitwa. "Mimi ndiye niliyekinga. Niliyakinga kwa sababu yalikuja. Mlitaka niyaambie yasubiri mtoke Donholm?"

Watu wakacheka, lakini Mama Ndete hakucheka. Alisimama akaniuliza jambo moja tu. "Kageha, mimi nakuuliza kama mtoto wangu. Mtu mzima, mwenye kazi, anaamka gizani, anakimbia mpaka Makadara, halafu anarudi mikono mitupu. Kila siku. Hapo hakuna kitu anatafuta?"

"Hakuna, Mama Ndete."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akawageukia watu. "Basi huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hafuatwi. Lakini akiona maji asitufiche. Akiwa na habari ya maji, akimbie na mtungi. Akiwa mikono mitupu, huo ni wazimu wake, mwacheni nao."

Mzee Kweyu aliliandika neno kwa neno na kulipitisha kwa kuinua mikono. Halafu Mama Ndete akaongeza, bila kunitazama, kwamba nikikimbia na mtungi na maji yasiwepo, basi asisikie tena jina la nyumba yetu. Hilo halikuandikwa, lakini kila mtu alilisikia. Dada, nimekaa mahakamani miaka mingi nikisikiliza hukumu, na hii ndiyo ya kwanza niliyoona imeeleweka na kila mtu chumbani.

Nikarudi kukimbia, mikono mitupu, peke yangu. Uwanja ukawa unanisalimia kwa mbali. "Wazimu wako leo unafika wapi?" Muindi akahamishia mkokoteni wake Gikomba. Mgongo ukanyamaza tena. Lakini Mama Ndete hakurudi kumtoa Mama nje, na Jumatano vikombe vilibaki kabatini, maana Mama hakuvipanga tena. Barua yako ilinikuta hapo. Nilikaa na kalamu zaidi ya mara moja nikitaka kukuandikia kwamba sawa, nimeacha.

Jumatano iliyopita, pale Makadara, nikayaona tena. Mfereji ule ule nyuma ya karakana, yanatoka kwa nguvu, na hakuna mtu.

Nitakueleza nilivyofikiri, kwa sababu nilisimama pale kwa muda. Kama ningepita na kunyamaza, hakuna ambaye angejua, na mbio zangu zingebaki zangu. Kama ningekwenda kuwaita na wakakuta yamekatika, Mama asingeona mgeni tena mwaka huu. Maji haya hayakai. Unaweza kuyaacha yakitoka na ukirudi ukakuta mfereji unatoa pumzi. Mtu mwenye akili angepita. Lakini tangu Jumapili Mama Ndete alikuwa anakwenda mahakamani na sufuria zisizo na kitu ndani, akiuza andazi kavu bila chai, na nilikuwa nimemwona.

Nilikimbia kurudi kwa kasi kuliko nilivyowahi kukimbia. Wale makanga wote wa Jogoo Road hawakupata nafasi ya kusema neno. Niliingia ndani, nikaunyakua mtungi wa manjano wa Mama, nikatoka nikiwa nimeubeba juu ili uonekane.

Hakuna aliyetikisika. Watu walisimama milangoni wakinitazama mimi, wakatazama mtungi, wakatazamana. Mama Ndete alikuwa nje na mswaki mdomoni. Akautoa.

"Ni kweli ama?"

"Ni kweli."

"Apa."

"Mama Ndete, nikimaliza kuapa yatakuwa yamekwisha."

Akatema povu, akaingia ndani, akatoka na mitungi miwili. Alipita mbele yangu akikimbia, dada, mwanamke wa umbo lile, ndara mkononi na kanga imefungwa juu ya magoti. Walipomwona yeye, uwanja wote ukafumuka.

Mimi nilibaki kumgongea Mzee Kimanzi, ambaye hasikii vizuri, na kumsubiri atafute meno yake, maana alisema haendi mbele za watu bila meno. Tulipofika Makadara maji yalikuwa bado yanatoka, na mbele yetu kulikuwa na foleni inayozunguka karakana. Mimi niliyeyaona, niliyekimbia kwenda na kurudi na kwenda tena, nilikuwa karibu na mkia. Nikawaza kuomba kupita mbele. Nikaona haya. Mzee Kimanzi alipokinga wake, zamu yangu ikafika, nikaweka mtungi, mfereji ukakoroma ukanyamaza.

Nilisema neno ambalo sitaliandika katika barua ambayo Mitchelle anaweza kuisoma.

Mama Ndete alikuwa amejiandaa kuondoka. Alitua mtungi wake, akaufungua wangu, akaanza kumimina. "Shika hapo vizuri usimwage. Mkimbiaji mzima hata kupanga foleni hujui." Aliponifikisha nusu akasimama, akaangalia, akaongeza kidogo. Tukarudi tukitembea, na njia nzima alikuwa ananisimanga kwa kuinamia mfereji mkavu wa Majengo. Alicheka hadi Mzee Kimanzi akacheka, na sina hakika Mzee Kimanzi alisikia kilichochekesha.

Nikaenda kazini nimechelewa. Jioni niliporudi nilimkuta Mama amesukwa, mistari imenyooka. Meza ilikuwa imejaa vikombe vichafu, vingine vina makombo ya andazi, na sukari imekwisha kabisa. Ilikuwa Jumatano. Niliviosha kwa yale maji yaliyobaki, nikivilalamikia kimoja kimoja, na sijui kama nimewahi kuosha vyombo kwa moyo mweupe namna hiyo.

Usidhani mambo yamenyooka. Sasa wanataka nikimbie mara mbili, asubuhi upande wa Makadara na jioni upande wa Majengo, kwa sababu eti nina jicho la maji. Mzee Kweyu ameniuliza kwa upole kama siwezi kwenda na mtungi kila siku, niuache tu nyumbani ninapokuwa sina habari. Nilimwambia hilo ndilo alilokwisha kuliandika. Akasema ataitazama tena.

Leo baada ya ibada nilimsomea Mama barua yako yote, hata pale uliposema niache ili apate amani. Nikamwuliza nikujibu nini. Alifikiri kidogo, akageuza shingo taratibu asiharibu nywele. "Mwambie Ayuma amani haipiki chai. Na mwambie aandike barua ndefu zaidi, hizi zinaisha kabla sijakaa sawa."

Basi hilo ndilo jibu, la kwake na la kwangu. Siachi.

Nisalimie shemeji Luseno, umwambie kofia aliyomletea Mzee Kimanzi bado inavaliwa kanisani. Mbusu Mitchelle na umwambie bibi yake anataka picha ambayo hajafumba macho. Laban nimemwandikia mwenyewe, kwa kifupi. Mama Ndete anakusalimu sana na anauliza kama huko Botswana watu wazima pia wanakimbia bure. Mungu akulinde katika zamu zako za hospitali na awalinde wote walio chini ya paa lako.

Jambo la mwisho. Raba ulizonipa zimekwisha soli, na ukipata mtu anayekuja huku nitashukuru kwa nyingine. Zisiwe na kamba, dada. Tafuta zile za kubandika, ili nisije nikainama tena karibu na mfereji.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponikasirisha,

Kageha